Nchi ya Nanjenga na Watu Wake

Wiki nzima Cecilia hakubangua korosho. Mafuta ya maganda yalikuwa yamekula ncha za vidole vyake mpaka zikawa nyororo kama kipande cha sabuni, na mara mbili mashine ya alama za vidole ilikuwa imemkataa mbele za watu. Safari hii alijipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni, akalala vidole vimefungwa vitambaa. Alhamisi alfajiri akavinawa kwa kikombe kimoja cha maji, maana kisima cha kuvunia mvua kilishabaki tope, akashika njia ya ofisi ya kata kwa miguu. Bodaboda walikuwa wamepandisha nauli tena.

Ilikuwa siku ya mwisho. Wakulima wa korosho walikuwa wakiandikishwa upya, na asiye na namba ya kitambulisho cha taifa hakuandikwa. Asiyeandikwa hapati salfa ya kupulizia mikorosho, na shamba lake halihesabiki kuwa lake. Cecilia alikuwa na mikorosho themanini na miwili, yote kaipanda mama yake, Josephina, kwa mkono wake. Msimu mmoja bila salfa, ugonjwa wa ubwiri unga ungekausha maua yote. Msimu wa pili mtu mwenye namba angekuja kusema shamba halina mwenyewe.

Pale ofisini foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Maofisa wa vitambulisho walikuwa wamekuja na gari lao, wakatoa meza nje, wakaweka mashine. Na kwenye meza ileile, kwenye kiti cha shahidi wa wenyeji, wa kuthibitisha nani ni wa hapa, alikaa Mwalimu Silvesta. Cecilia alipomwona moyo ukatua. Akawaambia waliokuwa mbele yake, "Leo tuna mtu wetu."

Mwalimu Silvesta alikuwa amestaafu kufundisha, akaamua kuandika kitabu, *Nchi ya Nanjenga na Watu Wake*. Vilima vyake alivipima kwa hatua, mabonde akayaandika majina, na ilipofika habari za watu akaja kwa Cecilia, maana Cecilia alikuwa amefundishwa na mama yake kutaja kizazi baada ya kizazi bila kuruka mtu. Kwa siku tatu alikaa uani kwake. Cecilia alimchemshia viazi pori vya ming'oko, akamwachia kiti chenye mgongo, akasema mpaka sauti ikakauka. Kitabu kilipotoka alipewa nakala moja na kanga. Picha yake ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Macho yake yalishachoka na maandishi madogo, ukurasa huo tu ndio aliowahi kusomewa, na ulimtosha. Kitabu alikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo.

Zamu yake ikafika. Ofisa, kijana aliyeitwa Khalfan, alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaweka kidole cha kwanza. Taa ya kijani. Cha pili, kijani. Vyote kumi vikakubali, na Cecilia akacheka peke yake kwa furaha.

"Cheti cha kuzaliwa unacho?"

"Nina cha ubatizo. Na hiki hapa." Akakitoa kitabu kwenye nailoni, akakiweka mezani kwa mikono miwili. "Mimi si mtu wa kuulizwa ni nani. Nimo humu, arobaini na moja."

Mwalimu Silvesta akaguna kama mtu aliyekabwa na mfupa. Khalfan alikuwa ameshafungua. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari.

"'Ukoo wa Bi Cecilia ulitoka ng'ambo ya Ruvuma, nchi ya Msumbiji, mwaka 1938, ukikimbia kazi za kulazimishwa za Wareno. Bibi yake alivuka akiwa na binti mchanga.' Binti huyo ni nani?"

"Mama yangu."

"Kwa hiyo mama yako ni wa Msumbiji."

"Mama yangu ni wa hapa! Kakulia hapa, kazaa hapa, kazikwa hapo nyuma ya kanisa. Mimi nimezaliwa Nanjenga hii hii, mwaka sitini na mbili."

"Cheti chake cha kuzaliwa kipo?"

"Mtoto mchanga, anavushwa mto watu wanakimbia bunduki, cheti angekishika na mkono gani?"

Foleni ikacheka. Khalfan hakucheka. "Mama, usinipe presha. Mimi sijatunga. Umekileta mwenyewe, na picha yako hii hapa."

Cecilia akamgeukia Silvesta. "Mwalimu, si umwambie. Tumesoma darasa moja mimi na wewe."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. "Mama Kulwa huyu ni mtu mwema sana," alisema. "Hatuna tatizo naye. Lakini kitabu ni kitabu. Niliandika alivyonieleza."

"Mwalimu yeye hana shida," Khalfan alisema, akifunua kurasa. "Huyu hapa. 'Ukoo wa mwandishi ni wenyeji wa asili wa Nanjenga tangu kale.'"

Cecilia alidhani hakusikia vizuri. Walivuka watu kumi na tisa. Bibi yake alikuwa na jeraha la mguu, hakuweza kubeba kitu, na aliyemfunga yule mtoto mgongoni akaingia naye majini alikuwa bibi yake Silvesta. Alimsimulia Silvesta hayo siku ya tatu, na Silvesta akalia. Alilia kweli, akaomba maji ya kunawa uso. Kisha akaenda nyumbani akamfuta bibi yake mwenyewe, naye Cecilia akamwacha kwenye karatasi peke yake na picha yake. Hasira ikampanda.

"Sasa sikia, mama," Khalfan alisema, akiteremsha sauti kama anayemsaidia. "Mwanamke havuki Ruvuma peke yake. Alivuka na nani? Nitajie koo, na wao tuwaite. Nami nitaandika kwamba umetoa ushirikiano, faili lako litatembea."

Kwenye foleni ile walikuwamo wajukuu wa wale kumi na tisa. Anastasia aliyekuwa nyuma yake, mgongo umepinda, alikuwa mmoja. Silvesta alitazama meza.

Cecilia alikuwa nao wote mdomoni, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la bibi yake Silvesta.

"Alivuka peke yake," alisema.

"Peke yake?"

"Peke yake. Hakuna mwingine ninayemjua."

Ulikuwa uongo wa kwanza kuusema juu ya watu wake, na ulimuuma kuliko yote ya siku ile. Khalfan akaandika, akapiga muhuri wa ASUBIRI UCHUNGUZI, akamrudishia kitabu. "Anayefuata! Mama, wazee wako walitoka wapi?"

"Hapa hapa," alisema Anastasia.

"Na wewe, mzee?"

"Hapa hapa."

Foleni ikaanza kwenda haraka.

Silvesta alimfuata Cecilia mpaka kwenye meza ya Shamila, mtendaji wa kijiji, aliyekuwa na daftari la mashamba. "Mama Kulwa," alimnong'oneza, "umeniokoa, Mungu anajua. Sasa shamba lisipotee. Tuliandike kwa jina langu, kwa muda tu, upate salfa. Mambo yakitulia nakurudishia."

Huenda alikuwa na nia njema. Cecilia aliona hivyo, na ndicho kilichomchosha zaidi.

"Uliandika ulivyotaka kwenye kitabu chako, Mwalimu," alisema. "Kwenye shamba la mama yangu hutaandika." Akamgeukia Shamila. "Mikorosho themanini na miwili. Andika Josephina."

"Josephina si marehemu, mama?"

"Ni marehemu."

"Marehemu hana namba. Mfumo hautakubali, na salfa hutapata."

"Najua. Namba uache wazi. Jina andika."

Shamila akamtazama, akamtazama Mwalimu. Kisha akaweka kalamu ya wino chini, akachukua penseli. Cecilia alisimama pale pale mpaka jina likaisha kuandikwa.