Maji Kwanza, Jiwe Baadaye

Mtaa mzima unamwita mume wangu Spana. Ni fundi bomba hodari, lakini hajawahi kutoka nyumbani kwa mteja bila kusahau kifaa. Watu wameshazoea. Wanagonga mlango wetu asubuhi wameshika spana, koleo, siku moja hata kiatu, na wote wanasema yale yale: "Mwambie fundi amesahau kitu chake kwetu. Nimekirudisha."

Jumatatu ile aliamka anatetemeka kwa homa, kashika ubavu. Ana kisukari mwaka wa nane huu, na ukaidi tangu azaliwe. "Uchovu tu," akasema, halafu akatapika kwenye ndoo yake ya kazi. Nikamburuta hadi hospitali.

Kipimo cha sukari kilisoma ishirini na mbili. Picha ikaonyesha jiwe limekwama kwenye mrija unaotoka kwenye figo, na nyuma yake mkojo umegeuka usaha. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole.

"Leo jiwe hatuligusi, baba. Tutapitisha mrija mwembamba kando yake, usaha utoke. Utapata dripu ya dawa za kuua vijidudu, na insulini ya kushusha sukari. Baada ya wiki tatu hivi, ukishapona maambukizi, ndipo tutalivunja."

Spana akacheka kwa dharau. "Mwanangu, mimi nikute bomba la mtu limeziba, nimwambie nitarudi baada ya wiki tatu? Si atanitoa mbio! Toa jiwe leo, ama naenda zangu nyumbani."

"Nikilivunja leo, vijidudu vyote vitaingia kwenye damu. Na kwa sukari hii, mwili wako hauna nguvu ya kupambana navyo. Unaweza usiamke."

Akakunja mikono. Fomu ya kutia saini ikabaki juu ya shuka. Niliogopa kuwa mjane, basi.

Ndipo nikakumbuka choo cha shule.

"Baba watoto, mweleze daktari siku ile uliyomwogesha mwalimu mkuu."

"Ya nini hayo hapa?"

"Mweleze!"

Akanuna, akaeleza. Bomba la maji machafu lilikuwa limeziba, limejaa pomoni. Kwa pupa yake akasukuma waya moja kwa moja kwenye uchafu uliokwama. Bomba likapasuka, na mwalimu mkuu, aliyesimama pale na suti mpya, akayapata yote. Tangu siku hiyo mlango wa karakana yetu umeandikwa kwa rangi nyekundu: MAJI KWANZA. Hagusi kilichoziba kabla hajayatoa maji yaliyojaa nyuma yake.

Daktari alijiuma mdomo asicheke. Spana akaitazama ile picha ya figo kwa muda mrefu, akipitisha kidole kuanzia juu hadi kwenye jiwe.

"Kumbe kazi yetu moja," akasema. "Lete kalamu."

Siku ya pili homa ikashuka. Siku ya tano sukari ilikuwa tisa, naye anamsumbua nesi kuhusu koki ya wodi inayovuja. Hakutulia mpaka akaitengeneza.

Wiki ya nne jiwe likavunjwa, vipande vikatolewa. Ule mrija wa daktari ukaachwa ndani wiki moja zaidi, kisha arudi Alhamisi utolewe. "Akiusahau," daktari akaninong'oneza, "utagandwa na mawe mapya." Nilichoka kabisa. Spana asisahau kifaa! Wiki nzima nilimkumbusha kila nikimmiminia chai isiyo na sukari, hadi akaniomba nimwonee huruma.

Alhamisi nikaamka, kitanda kitupu. Karakana, hayupo. Nikakimbilia hospitali na kandambili zangu, matusi yote nimeyapanga mdomoni.

Nikamkuta kwenye benchi la kliniki, wa kwanza kwenye foleni, shati kalipiga pasi mwenyewe, vibaya. Daktari alipofungua mlango, akasimama.

"Daktari," akasema, "umesahau kitu chako kwangu. Nimekirudisha."