Lori la Mama Linakwama

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kompyuta ya mama ilikuwa imezimaliza zote.

Ni laptop ya mtumba, iliyotoka katika ofisi ya watu. Haina kadi ya picha ya maana. Ile dhaifu iliyojengewa ndani huombaomba memori kwa mashine yenyewe. Kwa kuandika barua inatosha. Lakini mama yangu Wambeti, mwalimu mstaafu wa hapa mtaa wa Dallas mjini Embu, anaitumia kuendesha lori.

Ni mchezo wa kompyuta, wa kuchezwa mtandaoni. Kila Jumapili akitoka kanisani huingia barabarani na ndugu yangu Ireri, anayefanya kazi Doha, kila mmoja na lori lake. Ireri alinyimwa ruhusa ya kuja kumzika baba, aliyebeba ndengu kwa lori kutoka Gachoka miaka yote ya utoto wetu. Kwenye simu huuliza kama mvua imenyesha, kisha anakata. Kwenye lori ndiko humtaja baba. Kwa hivyo usimcheke mama yangu.

Shida ni kwamba kila safari ilianza vizuri, halafu picha ikaanza kukwama na lori la mama likarukaruka kama panzi hadi mtaroni. Nilipunguza kila kitu. Niliondoa vivuli, nyasi, hata miti, nchi nzima ikabaki upara. Wapi! Lilikwama vilevile.

Jumapili hii Ireri alichoka. "Mum, hii kitu inahang sana. Wacha tukuwe tunapigiana tu simu."

"Ni sawa," mama akasema, akazima, akajipangusa macho kwa leso. Niliumia. Nikainyakua ile laptop kwa hasira, na nusura niiangushe. Chini ilikuwa moto kama sufuria.

Pale mezani ilikuwa imekalia kitambaa cha kufuma, kizito, kimekunjwa mara mbili. Kwetu kila kitu huvalishwa kitambaa, hadi mtungi wa gesi. Kikulacho ki nguoni mwako: matundu ya feni yalikuwa yamezibwa, na mashine, ikiogopa kuungua, ilikuwa inajipunguza nguvu.

"Mum, ni nani aliweka kitambaa hapa?"

"Ni mimi. Si hapo ndio Ireri hukaa? Mtoto ametoka hiyo mbali yote, nimkalishe kwa mbao tupu?"

Hasira zikaniisha. Nikaiinua laptop juu ya miko miwili ya ugali ili hewa ipite, nikampigia Ireri nikamsihi arudi kwa safari moja tu.

Barabara ikateleza. Nikarudisha miti kidogo kidogo, na bado lori halikukwama. Walipofika kwenye kona moja ya mlimani, Ireri alipunguza mwendo.

"Mum, hapa baba angepiga honi."

"Basi mpigie."

Ireri akapiga, akashikilia, sauti ya honi ikajaa sebule yetu. Mama akakichukua kile kitambaa, akakitandaza kwenye kiti cha baba kando yake, akaendelea kuendesha.