Jina Lisilotoka Nje

Mzee Kisemei alikataa kiti. Alisimama katikati ya saiba ya Kitengela, duka la intaneti alikofanya kazi Waithera, fimbo mkononi, akakodolea macho kompyuta. Kwenye ukurasa wa minada alionekana fahali wake, na chini yake jina: Kisemei wa Bissil. Picha ikabadilika, na jina likabadilika nayo. Likatokea la mwanawe, aliyezikwa mapema mwaka huo wa 2006. Nasi hatutalitaja hapa.

"Waithera, kijana akienda hivyo, kwetu sisi hatuiti jina yake tena," alisema. "Sasa wanunuzi wanapiga simu kwa boma wanauliza yeye. Na ni mama yake anashika simu. Kama hiyo jina haitoki leo, toa ng'ombe zangu zote."

Waithera alikuwa amelifuta jina hilo kila alipoliona, na kila mara lilirudi. Kilichobaki kukaguliwa ni skripti ya kubadilisha picha, maagizo ya kompyuta aliyoandika marehemu walipoutengeneza ukurasa huo pamoja. Tangu mazishi hakuthubutu kuifungua, na kuifuta aliona ni kama kumzika mara ya pili.

Akaifungua. Mstari wa kwanza marehemu alikuwa ameandika: "Waithera usiguse hapa, utaharibu." Akacheka, machozi yakamtoka palepale mbele ya mzee.

Kumbe ni uvivu wa wote wawili! Marehemu, aliyepiga picha zile, alihifadhi jina lake kwenye kigeu, kisanduku cha kuwekea neno ndani ya skripti, alichokiita "jina", akakiacha wazi kwa ukurasa mzima. Baadaye Waithera akatumia "jina" hilohilo kwa wauzaji. Kila picha ilipobadilika, skripti ya marehemu iliandika lake juu ya la muuzaji.

Hakufuta hata mstari mmoja. Aliizungushia skripti yote fanksheni, kama ua wa boma, na kigeu kikatangazwa humo humo ndani, ambako ukurasa hauwezi kukiona. Akafungua ukurasa upya. Wakangoja, mzee akiikaza fimbo. Picha ikabadilika. Kisemei akabaki Kisemei.

"Umetoa yeye?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mzee. Yuko ndani. Anafanya kazi yake, lakini jina halitoki nje."

"Kwa hivyo hizi picha, ni yeye bado anageuza?"

"Ni yeye."

Ndipo mzee akavuta kiti. Akawatazama ng'ombe wake wakipita kwenye kompyuta mmoja mmoja hadi wa mwisho, kisha akangoja waanze tena.