Keki ya Susu

Katika safu yao ya nyumba kule Dandora, Nthoki ndiye mwanamke wa makamo pekee aliyeitwa kwa jina lake tupu. Wenzake wote walikuwa Mama Fulani. Yeye, mjane wa Kisilu, hakujaliwa mtoto. Desemba ile ya mwaka wa tisini na nne akaamua kufuata desturi ya Ukambani: amwoe msichana, Mwelu, azae watoto wa nyumba ya Kisilu. Mwelu alikubali, na mbuzi walikwisha kupelekwa kwao. Ilibaki keki. Bila keki majirani wangesema Nthoki ameleta mtumishi, na Mwelu angetumwa maji na kila mwenye ndoo.

Akamwendea Mama Mutisya, mwokaji wa keki na mwimbaji wa kwaya.

"Nthoki, mimi nimeokoka," alisema Mama Mutisya. "Mwanamke aoe mwanamke? Hiyo ni Sodoma! Mikono hii ni ya Bwana."

Nthoki aliitazama hiyo mikono ya Bwana. Mwezi wa Agosti mikono hiyo ilikuwa imepamba keki ya ghorofa tatu, diwani alipooa mke wa tatu. Ikapamba na ya binti wa mzee wa kanisa, ambaye gauni lilikataa kufungika tumboni. Siku hizo, bila shaka, Bwana alikuwa ameipa likizo.

"Na ya diwani je?"

"Ile ilikuwa ya mume na mke."

"Na mke, na mke."

"Usinijaribu! Hata Ibrahimu alikuwa na wake."

"Ehe! Na mkewe Sara alitafuta mtoto kwa tumbo la Hajiri. Ukurasa huo kwenye Biblia yako umeliwa na panya?"

Mama Mutisya alianza kupangusa meza iliyokuwa safi. Nyani haoni kundule. Juu ya meza ilikuwapo keki nyeupe yenye maua ya sukari.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Susu, nyanya yake Baba Mutisya, kule Kangundo. Kila Krismasi namwokea."

Nthoki alicheka hadi akashika mlango. Yeye pia alikuwa mtu wa Kangundo, na kule nani asiyejua? Susu hakuwahi kuzaa. Alimwoa mama yake Baba Mutisya kwa mbuzi wake mwenyewe, ndiyo maana watoto wakamwita nyanya, na shamba ambalo Mama Mutisya alijivunia kanisani lilitoka kwa mwanamke huyo.

Baba Mutisya, aliyekuwa pembeni akipiga viatu rangi, alinawa mikono, akainua keki na kumpa Nthoki.

"Chukua, dada."

"Baba Mutisya!" mkewe alipaza sauti. "Nitamwambia Susu nini?"

"Mwambie imeenda kwa harusi kama yake. Kisha umwambie ni Sodoma, nami nikiwa nimekaa hapo nisikie."

Nthoki alitoka na keki kifuani, akapita katikati ya barabara, taratibu, kila dirisha lione. Hata waliokuwa wamejiandaa kumcheka walianza kuuliza bibi harusi anafika saa ngapi.