Nyumba Alizozisifu Verlene

Ukuta wa mbele wa nyumba ya daktari ulikuwa bado umesimama, mlango umefungwa kwa kufuli na pazia limening'inia dirishani, lakini nyuma yake hapakuwa na nyumba. Verlene Tolliver aliinama, akachungulia katika tundu la kutilia barua mlangoni, akaona mawingu. Moto uliowashwa na wezi wa matofali ulikuwa umekula mbao mapema wiki ile, maji ya zimamoto yakailainisha chokaa, na kabla majivu hayajapoa wezi hao wakazivuta kuta tatu kwa nyaya zilizofungwa kwenye gari lao, wakaziangusha na kuondoka na matofali. Ukuta wa barabarani waliuacha, maana huo ndio wapita njia wanaouona.

Upande wa kaskazini wa Saint Louis, Marekani, nyumba hufa hivyo. Udongo wa mji ule hutoa tofali jekundu lisilojua kuzeeka, na matajiri wa majimbo ya kusini wanaojenga nyumba mpya hupenda zionekane kama walizirithi. Tofali lililochomwa enzi za mababu huishia kuwa ukingo wa bustani ya mtu huko Texas, ambaye hana habari kwamba chini ya tofali hilo aliwahi kuzaliwa mtoto.

Verlene alikuwa amestaafu ualimu, na tangu astaafu, kila Jumamosi aliwatembeza wageni katika mitaa aliyokulia. Ulimi alijaliwa. Nyumba ambayo majirani walikuwa wamechoka kuitazama, yeye akiisimulia, watu walivua miwani wakaifuta ili waione vizuri. Alisema hii ilikuwa ya mchinjaji Mjerumani aliyejengea mabinti zake vyumba vikubwa kuliko chake, ile ya daktari mweusi aliyetibu hadi waliomkataza kuishi hapo. Aliwaonyesha mahali tofali lilipokuwa gumu kuliko yote. Kisha akashusha sauti na kuwaambia ni nyumba ipi iliyobaki tupu na tangu lini, kwa kuwa alitaka waondoke na uchungu alionao yeye.

Ijumaa jioni kaka yake Thaddeus alikuja kula. Alikuwa mzimamoto kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuona moshi asiufuate. Alikula nusu ya nyama yake akausukuma uma pembeni.

"Dada, nikikwambia neno utanirushia sahani?"

"Itategemea neno. Sahani ninazo."

Thaddeus hakucheka. Alimwomba amtajie vituo vya matembezi yake, kimoja baada ya kingine. Verlene, akidhani anataniwa, akaanza: nyumba mbili pacha, nyumba ya mchinjaji, nyumba ya daktari. Hapo akang'amua. Hivyo ndivyo zilivyoungua, kwa mpangilio ule ule.

"Unawaambia tofali lipi ni zuri," alisema Thaddeus taratibu, "na nyumba ipi haina mtu. Mwizi gani atakataa? Anatembezwa bure, na mwisho wa safari anakupa mkono."

Verlene alishikwa na aibu, kisha hasira, kisha aibu ikarudi ikakaa. Alimkumbuka bwana mmoja mpole, Hutchins, aliyekuja mara kwa mara na kupapasa kuta kama mtu anayempapasa farasi. Kila nyumba aliuliza kama kuna anayeishi humo. Verlene alimpenda mtu yule. Aliwahi hata kuwaambia wageni wengine wajifunze kwake namna ya kutazama. Polisi, alisema Thaddeus, alikwisha kwenda. Walimwambia alete picha ya mwizi akiwa kazini au namba ya gari, kwani dhana haipandi kizimbani.

Na kituo kilichofuata baada ya nyumba ya daktari kilikuwa nyumba ya bibi yao, nayo ilikuwa tupu.

Kuahirisha hakukuwezekana. Kwa miaka mingi Verlene alikuwa ameiomba kamati ya majengo ya kale iiweke nyumba ile chini ya ulinzi wa jiji, na kesho yake, hatimaye, mjumbe wa kamati, Bi Hoffmeister, angekuja kuiona kwa macho yake kabla ya kikao. Wiki nzima Verlene alikuwa akiyasuka maneno yake. Asiposema vizuri, nyumba ingekosa ulinzi. Akisema vizuri, huenda isifike siku ya kikao.

Asubuhi walikutana mbele ya kanisa. Bi Hoffmeister alikuja na viatu vya kutembelea, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno. Hutchins alikuwapo, kikombe cha kahawa mkononi.

"Leo umetuandalia nini kizuri, Bi Verlene?" aliuliza.

Verlene akamwambia ataona. Mbele ya ukuta wa daktari wageni walisikitika, na Hutchins akasikitika kuliko wote. Thaddeus alikuwa akifuata nyuma ya kundi, mikono mifukoni, na Verlene aliogopa kumtazama.

Nyumba ya bibi ilikuwa imesimama peke yake kati ya viwanja viwili vya nyasi. Juu ya mlango matofali yalikuwa yamefinyangwa kwa umbo la majani ya mzabibu, na hakuna jani lililovunjika. Bibi yake alifua nguo za watu mpaka mikono ikapinda ili ainunue, na siku aliyopewa ufunguo alilala sakafuni bila hata blanketi, kwa kukataa kulala kwingine. Hadithi hiyo ndiyo Verlene aliyotaka kuanza nayo. Bi Hoffmeister alikwisha toa kalamu.

Hutchins aliweka kiganja ukutani. "Bado hamna mtu humu?"

Verlene alifungua kinywa, na maneno ya wiki nzima yakamsaliti, au yeye akayasaliti.

"Nyumba hii haina thamani," alisema. "Nimewaleta mwone kazi mbovu ilivyo. Tanuru halikushika moto vizuri siku yalipochomwa matofali haya. Kwa nje tofali linang'aa, ukiling'oa unabaki na vumbi mkononi."

Hutchins akaondoa kiganja chake, akakifuta kwenye suruali. Bi Hoffmeister alimkazia macho.

"Kwenye simu uliniambia hakuna kazi bora kuliko hii mtaa mzima."

"Ni nyumba ya bibi yangu," Verlene alijibu. "Mtu akipenda, chongo huita kengeza."

Kalamu ilirudi mkobani. Nyuma ya kundi Thaddeus alikuwa akitazama viatu vyake.

Verlene alinuia kumvuta Bi Hoffmeister pembeni na kumnong'oneza ukweli kabla hawajafika kona. Lakini Hutchins alikuja akatembea katikati yao, kwa adabu zake zote, akauliza basi katika mtaa huu ni ipi yenye tofali la maana. Verlene akasema zote ni hivyo hivyo. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema, ilimbidi aendelee. Nyumba baada ya nyumba alizisengenya, hii imepinda, ile imeliwa na chumvi, na kila alipotukana alijisikia anamtukana mtu aliyemlea. Wageni walianza kutazama saa. Mmoja alicheka, akidhani ndiyo mtindo wake.

Mwisho wa mtaa alikuwa akiishi Bi Earline Stukes, aliyemfundisha Verlene nyimbo za kanisani alipokuwa na meno ya utoto. Kila Jumamosi kikongwe huyu alivaa kofia yake ya kanisani, ile ya zambarau, akaketi barazani kusubiri wageni wasimuliwe jinsi marehemu mumewe alivyozijenga upya kuta zile kwa mikono yake baada ya kimbunga. Mtaa mzima ulijua kwamba mwisho wa mwezi binti yake angemchukua kwenda Memphis, na nyumba ingefungwa.

Hutchins alimpungia mkono. Alimuuliza hali, kisha kama anakaa peke yake.

"Peke yangu, mwanangu," alisema Bi Earline, amefurahi kupata wa kuzungumza naye, "ila si kwa muda mrefu, maana binti yangu—"

"Na hii," Verlene alimkata, "ni kazi ya fundi asiyejua kazi. Asiyetaka kupoteza muda asiitazame."

Bi Earline aliweka mkono sikioni, tabasamu bado usoni.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Hapo ulipomtaja mume wangu sikusikia vizuri."

Wageni waligeuka. Hutchins naye aligeuka, akingoja. Verlene akapanda ngazi ya kwanza ya baraza, akamtazama yule mama machoni, akarudia kwa sauti, neno kwa neno, mpaka alipoona kofia ya zambarau inainama.