Upande wa Kushoto

Lidwina alilala chali, tumbo limejaa maji, ngozi imevutika hata kitovu kimetokeza nje. Wanaume watatu walisimama kandokando ya kitanda wakizungumza juu ya tumbo hilo, naye alihamisha macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, akiogopa kupitwa na neno.

"Shikamoo mzee," Daktari Muhsini alimwambia baba mdogo wa mumewe.

"Marahaba." Mzee Thadei alikuwa ametoka kijijini Maposeni alfajiri, amevaa koti lake la kanisani. Ukoo ndio uliomtuma. Aidan, mume mwenyewe, alisimama nyuma yake kama aliyepita kusalimia tu.

Daktari alieleza taratibu. Kifuko cha mayai cha kushoto kina uvimbe, na dalili zote ni za saratani. Ungekuwa hapo tu, angekitoa hicho na kumwachia cha pili, azae. Lakini picha inaonyesha cha kulia nacho kimeguswa.

"Hapo usalama wake ni kutoa vyote viwili, na kizazi, kisha aanze dawa."

"Kizazi pia?" Mzee alicheka kidogo. "Huyu ana binti mmoja tu. Ng'ombe wetu walikwenda kwao."

"Nikiacha cha kulia, mzee, ugonjwa unabaki."

"Ukibaki mtautoa siku nyingine. Azae kwanza. Wewe toa cha kushoto."

Walivutana hivyo hivyo kama watu wanaouziana mahindi, na hakuna aliyemtazama Lidwina usoni. Alijikaza.

"Baba mdogo, mimi nataka vitoke vyote. Nataka kuishi, nimlee Noela."

"Mwanangu, wewe unaumwa. Mgonjwa hajiamulii."

"Aidan, sema basi."

Aidan alitazama viatu vyake. "Tufuate anavyosema baba, mama Noela. Mungu yupo."

Mungu yupo, kweli. Na mwenye kisu yupo, na wote wawili sasa wanamsubiri Mzee Thadei.

Daktari alivua miwani akaifuta. Kisheria, alisema kwa sauti ya chini, mtu mzima mwenye akili timamu anajiamulia mwenyewe. Mzee akamuuliza kama sheria hiyo ndiyo itakayokuja kuzungumza na ukoo. Daktari aliendelea kuifuta miwani. Mwaka jana ukoo mwingine ulimfuata daktari mwenzake hadi nyumbani kwake, na wakubwa wa hospitali wakamwambia ajitetee mwenyewe. Alirudisha miwani usoni.

"Basi. Cha kushoto."

Wanaume walitoka. Nesi Walburga alifunua shuka, akachukua kalamu ya wino mzito na kuchora alama ya msalaba chini ya kitovu, upande wa kushoto, ili wapasuaji wasikosee. Kisha aliiweka kalamu kitandani, akageuka kutafuta kofia ya kumfunika mgonjwa nywele.

Lidwina aliichukua kalamu. Tumbo lilimzuia kuona anachochora, lakini alichora. Msalaba wa pili, upande wa kulia, mkubwa, umepinda.

Walburga aliporudi aliuona. Aliitia kalamu mfukoni, akamvalisha kofia.

"Dada," alisema mwishowe, "unataka nifukuzwe kazi?"

Alilowesha pamba kwa spiriti, akaanza kuusugua ule msalaba wa kulia. Wino haukutoka upesi. Akaongeza spiriti, akasugua tena, polepole, kwa uangalifu, asimuumize.