Kifuko cha Kijani Juu ya Kompyuta ya Katikati

Vifuko vilikuwa vitatu, vyote vya kijani, kimoja juu ya kila kompyuta. Ndani ni vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, na jina lake ni lile neno unalomwambia mtoto mkorofi ili atulie. Kwetu kisiwani, kikikaa juu ya mashine, mashine inatulia. Lazima kiwe cha kijani. Chekundu hata kupita nacho mlangoni hatukubali. Na lazima kiwe hakijaisha muda wake. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nimeviona kwenye mashine za benki, na benki hazina utani.

Tulikuwa wanne, ghorofani, juu ya duka la supu ya ng'ombe mjini Tainan, na kazi yetu ilikuwa Daobi. Daobi ni kihariri, yaani meza ambayo mwandishi wa programu anakaa nayo kutwa nzima akiandika programu zake. Tseng Kuo-pin alianza kukitengeneza akiwa bado ana nywele. Kilifanya kazi kwenye mifumo yote mitatu ya kompyuta, ndiyo maana tulikuwa na kompyuta tatu za kukitayarishia. Kilikuwa cha bure, ndiyo maana tulikuwa juu ya duka la supu.

Asubuhi ile tulikuwa tunatoa toleo jipya, na halikuwa toleo la mapambo. Lile la zamani lilikuwa na ugonjwa: umeme ukikatika wakati linahifadhi faili, faili linarudi tupu. Halirudi bovu, ambalo ungekaa ukaliokoteza. Linarudi jeupe kama sahani ya mtoto aliyeahidiwa peremende. Bi. Kuo wa visiwa vya Penghu, asiye na undugu na Kuo-pin, alipoteza hivyo programu aliyoiandika mwenyewe ya kuendesha pampu za mabwawa yake ya samaki. Alituandikia barua ya upole, bila tusi hata moja. Kuo-pin akasema afadhali angetukana. Tangu siku hiyo alikonda, na dawa aliyoipata baada ya kukonda ndiyo toleo jipya.

Na kimbunga kilikuwa njiani. Redio ya duka la chini ilisema jioni kitagonga pwani ya mashariki, kisha kivuke hadi visiwa vya Penghu. Kikifika, umeme hauna ahadi. Hesabu ya Kuo-pin ilikuwa rahisi: tulitoe asubuhi, nakala za Daobi kwenye kompyuta za watu zijisasishe zenyewe mchana, umeme ukikatika ukute kila mtu ameshapona.

"Supu baadaye," alisema. "Mzee Tu akifika, tunagonga muhuri."

Muhuri ndio uliokuwa mlango wenyewe. Daobi haikubali toleo kutoka kwa mtu yeyote tu, maana wahuni ni wengi. Kila nakala inatambua muhuri mmoja, na muhuri huo ulikuwa ndani ya kidude kimoja kidogo, mfano wa flashi, kisichoweza kunakiliwa. Tulipopiga kura nani akitunze, alishinda Mzee Tu, kwa sababu yeye peke yake katika sisi wanne hakuwahi kupoteza mwavuli.

Akaingia na mfuko wa maandazi ya mvuke, akavua koti la mvua.

"Mnaniangalia kama mkwe aliyechelewa kuleta mahari," alisema.

"Kidude, Mzee," Kuo-pin akamwambia. "Umekuja nacho?"

"Nije nacho kutoka wapi? Kipo hapahapa. Siku zote kipo hapahapa."

Akaiendea kompyuta ya katikati, akanyanyua kifuko cha kijani, akakitikisa sikioni kama mtu anayechagua tikiti. Akakitikisa tena. Akakigeuza, akapapasa upande wa chini.

"Hiki siyo chenyewe."

"Ni chenyewe," alisema Liao Hui, mwenzetu wa kurekebisha makosa, mtu makini kuliko saa ya reli. "Kijani, nazi, kipya. Nimebadilisha vyote vitatu jana jioni. Vile vya zamani vilikuwa vimeisha muda, Mzee. Tungetoa toleo chini ya kifuko maiti?"

Mzee Tu alikaa kwenye stuli bila kuiangalia stuli ilipo. Akaeleza polepole. Alikuwa amekichana kifuko cha zamani kwa chini, akakiingiza kidude katikati ya vitafunio, kisha akakiziba kwa pasi ya nywele ya binti yake.

"Mwizi anafungua droo," alisema. "Anavunja kabati. Lakini kisiwa hiki chote, mwandishi gani wa programu atathubutu kukigusa kifuko cha kijani?"

"Na kikiisha muda?" nilimwuliza.

Alikigeuza kifuko mkononi, akatafuta tarehe.

Kuo-pin hakupandisha sauti. "Hui, ulivifungua? Wewe unatenganisha kizibo na chupa kabla ya kuvitupa. Juzi umemgombeza Wen hapa kwa sababu ya utepe wa bahasha."

Wen ni mimi, na utepe ule bado unaniuma.

"Sikuvifungua, kaka Pin." Alikuwa ameshaanza kuelewa, na sauti yake ilikuwa inashuka ngazi. "Vimetutumikia muda wote huo. Nivichane kama vya kutafuna? Niliviinamia, nikavishukuru, nikavitia kwenye mfuko wa taka za kawaida. Lori la taka likapita na muziki wake, nikashuka nao."

Maisha yake yote, mara moja tu hakutenganisha taka, na ilikuwa kwa heshima.

Nilipiga simu kituo cha kuchomea taka. Akapokea mwanamume aliyekuwa akitafuna kitu.

"Za jana jioni? Kaka, leo tumewasha mapema kwa ajili ya kimbunga. Zimeshakuwa majivu."

"Tunaweza kuja kuyaangalia majivu?"

"Njoo na kijiko. Umepoteza nini, dhahabu?"

"Kifuko cha kijani. Kilikuwa juu ya mashine."

Akaacha kutafuna. "Mmetupa kifuko cha kijani, na kimbunga kinakuja?"

"Kilikuwa kimeisha muda."

"Aa," alisema, kama daktari aliyemaliza kusoma picha. "Poleni sana."

Muhuri mwingine unapatikana, kwa siku zake na foleni yake. Lakini nakala zilizoko kwa watu haziujui. Kwao, toleo lenye muhuri mpya ni mhuni aliyevaa koti la baba. Anayelitaka lazima aje mwenyewe kwenye ukurasa wetu, aondoe la zamani, aweke jipya kwa mkono. Nani anakwenda kutafuta dawa wakati hajui kama anaumwa?

Tulifanya yaliyobaki, na yaliyobaki hayakuwa mengi. Kuo-pin aliliweka toleo kwenye ukurasa bila muhuri, na juu yake tangazo kubwa jekundu. Hui akamtazama kwa ile rangi. Mimi nilitangaza kila kijiwe ambacho waandishi wa programu hupigia soga, na wa kwanza kunijibu akauliza kama tumebadilisha ile alama ya kona ambayo haipendi. Mzee Tu aliyapanga maandazi kwenye sahani, akayapanga upya.

Hui alishika simu. Alimpigia kila mtu aliyewahi kutuandikia akaacha namba. Simu ya Bi. Kuo iliita mpaka ikachoka.

"Atakuwa nje anafunga nyavu," alisema Mzee Tu. "Kimbunga kikija, nani anakaa na simu?"

"Basi hayuko kwenye kompyuta," nilisema. "Ni heri hiyo."

"Ameshaiandika upya ile programu, na pampu zinajiandikia kumbukumbu zenyewe kupitia Daobi, kutwa nzima," alisema Kuo-pin. "Aliniambia kwenye barua. Alikuwa anajivunia."

Nikamwambia Hui apige tena.

Mchana upepo ulianza kuyasukuma mabati ya jirani. Kuo-pin akafungua kwenye kioo cha kompyuta yake orodha ya nakala zinazobisha hodi. Daobi imefundishwa adabu: kila mara inakuja mlangoni kwetu na kuuliza kama kuna toleo jipya. Zilikuwa zinakuja moja baada ya nyingine, kutoka Taipei, Hualien, Kaohsiung, na nyingine ng'ambo kabisa ambako hakuna kimbunga. Kila moja iliuliza, ikaonyeshwa toleo, ikautafuta muhuri, ikaukosa, ikakataa na kwenda zake. Baada ya muda inarudi kuuliza tena.

"Lipo," Kuo-pin aliiambia moja. "Lipo, chukua tu."

"Kaka Pin, kula kidogo," alisema Hui.

"Hii ya Penghu. Tazama, Hui, huenda ndiyo ya kwake. Lipo, mama. Lichukue."

Ikakataa kwa adabu.

Jioni zile za Hualien, pwani ya mashariki, zilianza kupungua. Hazikuaga. Ilibisha moja, kisha ikakosa zamu yake. Ikafuata ya jirani yake, halafu mtaa mzima pamoja. Tulijua maana yake ni umeme. Ila ipi ilizimika imelala na ipi ilizimika katikati ya kuhifadhi faili la mtu, orodha haikuwa na namna ya kutuambia. Ya Penghu iliendelea kuja, na kila ilipokuja Hui aliinua simu, akapiga, ikaita.

Kisha ikakosa zamu yake.

Hui alibaki na simu sikioni. Mzee Tu akainuka, akakinyoosha kifuko kipya juu ya kompyuta ya katikati, kwa sababu kilikuwa kimekaa upande.